Gitaa la Rizimu la Metali: Uzito Unaopatikana kwa Kupunguza

Leo ni zamu ya muziki ambao wengine huuzimia redio: roki nzito, ile inayoitwa metali. Msizime. Ndani ya kelele ile mna ufundi wa kupimwa kwa milimita, na leo tunauchambua upande wake mmoja tu, gitaa la rizimu.

Aliyekulia na muziki wa dansi anaijua rizimu. Katika bendi kama DDC Mlimani Park Orchestra, solo hupamba, besi hushika chini, na rizimu husukuma wimbo katikati yao, safi, bila mkwaruzo. Kwenye metali mambo yamegeuka. Rizimu ndiyo wimbo wenyewe. Rifu, yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa, ndicho watu wanachotoka nacho ukumbini, na mara nyingi mwimbaji hupanga maneno yake kwa kulifuata gitaa.

Sasa hebu tujiulize. Kijana amenunua gitaa la umeme. Ameliunganisha na amplifaya, amezungusha kila kitufe hadi mwisho. Akiwa peke yake chumbani anaona amefika: dirisha linatetemeka, jirani anagonga ukuta. Lakini siku anayopiga pamoja na ngoma na besi, gitaa lake linapotea. Noti hazitambulikani, kimebaki kishindo cha mvumo, na ule uzito aliokuwa akiusikia kwenye rekodi za wenzake haupo. Kwa nini?

Jibu la leo ni fupi, na mtalisikia tena na tena kabla hatujaagana. Sauti nzito ya kisasa hupatikana kwa kupunguza. Besi hupunguzwa, mkwaruzo hupunguzwa, milio ya nyuzi zisizohitajika hunyamazishwa. Anayeongeza kila kitu hupata kelele, na anayejua cha kupunguza ndiye anayepata uzito.

Tuanzie mwanzo, Birmingham, Uingereza.

Mwaka 1965 kijana wa miaka 17, Tony Iommi, alikuwa kazini katika kiwanda cha mabati, na siku hiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya kuacha kazi ili ajitose kwenye muziki. Mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Iommi ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio anaobonyezea nyuzi. Msimamizi wake wa kazi akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi ambaye vidole viwili vya mkono wake wa kushoto viliharibiwa na moto mwaka 1928, naye akaendelea kupiga hadi akawa miongoni mwa wapiga gitaa wakubwa kabisa wa Ulaya. Iommi akapata moyo. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya maji, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivisha vipande vya ngozi.

Nyuzi za kawaida zilikuwa ngumu mno kwa vidole hivyo, akatafuta nyembamba, hata za banjo. Kisha, kwenye albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971, katika baadhi ya nyimbo akalegeza nyuzi zote kwa nusu-toni tatu. Vidole vikapata nafuu, na gitaa la bendi yake, Black Sabbath, likashuka chini kuliko lilivyozoeleka kwenye roki ya wakati ule. Tangu hapo kushusha tuni kumekuwa desturi ya metali. Ni vema msikilizaji alikumbuke jambo hili, kwa sababu yote tutakayoyasema leo kuhusu besi yana mzizi wake hapa: gitaa likishushwa tuni, linaingia katika eneo la sauti ambalo si lake peke yake.

Na mkwaruzo wenyewe ni nini?

Amplifaya ina kikomo. Ukiisukuma kupita kikomo hicho, wimbi la sauti linakatwa vilele, juu na chini. Wimbi lililokatwa huzaa sauti nyingine za juu ambazo hazikutoka kwenye uzi, na ndizo zinazosikika kama ukali. Tena tofauti kati ya pigo dogo na pigo kubwa hupungua. Noti iliyoguswa kidogo hutoka karibu sawa na iliyopigwa kwa nguvu. Wa mwanzo walipata mkwaruzo kwa kuharibu vifaa kwa makusudi. Link Wray wa Marekani alitoboa spika yake kwa penseli kupata sauti ya kibao chake Rumble cha mwaka 1958. Dave Davies wa kundi la The Kinks, London, alichana spika kwa wembe, na sauti ile ikasikika dunia nzima mwaka 1964. Leo hakuna haja ya wembe. Mkwaruzo upo tele kwenye kila amplifaya, na wingi huo ndio mtego.

Mkwaruzo una tabia moja ya kuelewa mapema: hukoroga noti. Ukipiga noti mbili, ya msingi na ya tano yake, hukaa pamoja vizuri. Ukiongeza ile ya tatu, inayoifanya kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, ichangamke au ihuzunike, amplifaya iliyosukumwa sana huzigongesha zote tatu na kutoa milio mingine isiyoelewana. Ndiyo maana rizimu ya metali imejengwa juu ya noti mbilimbili. Na ndiyo maana bendi za kisasa zinazopenda kodi pana, zenye noti nne au tano, hulazimika kupunguza mkwaruzo hata zaidi. Mnaona? Tumerudi kwenye kupunguza.

Tusikilize mfano ambao wengi wanaujua. Mwaka 1986 Metallica walitoa Master of Puppets, albamu waliyoirekodi Copenhagen, Denmark, wakiwa na mtayarishaji Flemming Rasmussen. Wachambuzi wa vifaa huitaja sana amplifaya ya Mesa/Boogie Mark IIC+ iliyotengenezwa California, na wana haki, maana ni chombo cha aina yake. Lakini sikilizeni mkono wa kulia wa James Hetfield, mpiga rizimu wa bendi hiyo. Wimbo unaoipa albamu jina lake unakwenda kwa zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, naye anapiga kuelekea chini tu, chini, chini, chini, bila kurudi juu. Pigo la kuelekea chini lina uzito ule ule kila mara. Pigo la kurudi juu ni jepesi kidogo, na sikio hulitambua hata kama mtu hawezi kueleza amesikia nini.

Kabla ya albamu ya Load ya mwaka 1996, rizimu zote kwenye rekodi za Metallica zilipigwa na Hetfield mwenyewe, ingawa bendi ina wapiga gitaa wawili. Mkono mmoja ukijirudia juu ya wimbo ule ule unaoana na wenyewe kuliko mikono miwili ya watu wawili. Fundi yeyote wa studio atawaambieni kwamba nusu ya sauti inayosifiwa kuwa ya amplifaya ni ya mkono.

Mkono huo una kazi nyingine, kuziba. Upande wa kiganja, ule wa kidole kidogo, hulazwa juu ya nyuzi pale karibu na daraja la gitaa. Uzi ukipigwa hivyo hautoi mlio mrefu. Hutoa dundo fupi, zito, lenye mwisho. Ukisogeza kiganja milimita chache mbele kuelekea shingo, dundo linakufa kabisa. Ukikirudisha nyuma mno, uzi unalia wazi. Mpigaji mzuri huchezea nafasi hiyo ndogo usiku kucha, wakati mwingine ndani ya rifu moja. Hata plektra, kile kipande kidogo cha plastiki cha kupigia, huamua mengi. Nyembamba hujikunja kabla ya kuachia uzi, na pigo linachelewa. Ndiyo maana wengi wa fani hii hushika nene, zaidi ya milimita moja, na huishika karibu na ncha.

Sasa tufike pale penye uhondo.

Mwaka 1992 kampuni ya Peavey ya Marekani ilitoa amplifaya ya valvu iitwayo 5150, iliyobuniwa pamoja na Eddie Van Halen. Eddie hakuwa mtu wa metali ya kisasa hata kidogo. Alikuwa gwiji wa solo na tabasamu. Lakini bendi nzito za Marekani na Ulaya ziligundua kwamba chombo kile kina mkwaruzo mwingi na ukali wa kutosha, zikakichukua. Kundi la Machine Head lilikitumia kwenye albamu ya Burn My Eyes ya mwaka 1994. Eddie alipoachana na kampuni hiyo miaka kumi na kitu baadaye aliondoka na jina lake, na amplifaya ikaitwa 6505, kukumbuka miaka 40 ya kampuni, 1965 hadi 2005.

Wenye 5150 wakafanya jambo ambalo mwanzoni linashangaza. Mbele ya amplifaya yenye mkwaruzo wa kupindukia, wakaweka tena pedali ya mkwaruzo: Tube Screamer, kile kisanduku cha kijani cha Ibanez kutoka Japani, kilichotoka mwishoni mwa miaka ya 1970 na kupendwa na wapiga bluzi kama Stevie Ray Vaughan. Kwa nini mtu aongeze mkwaruzo juu ya mkwaruzo?

Hawauongezi. Tazameni wanavyokiweka. Kitufe cha mkwaruzo cha pedali hurudishwa hadi sifuri au karibu yake. Kitufe cha nguvu ya sauti hupandishwa juu kabisa. Cha ukali hukaa katikati. Hapo pedali inafanya kazi mbili. Inaisukuma amplifaya kwa nguvu zaidi, na, hili ndilo kubwa, inapunguza besi kabla haijaingia kwenye amplifaya, huku ikiacha sauti za kati zitangulie.

Fikirini mlango wa daladala saa ya jioni. Abiria mwenye gunia akitangulia, mlango wote umejaa, na walio nyuma yake hawapati hata pa kuweka mguu. Mawimbi ya besi ndiyo wenye magunia. Ni makubwa, yanafika kwenye kikomo cha amplifaya kabla ya mengine, yanakatwa vilele, na kila kinachokuja pamoja nayo kinakorogwa. Matokeo yake ni ule mnato ambao kijana wetu wa mwanzo aliusikia: rifu ya haraka inapigwa, lakini madundo yanaungana, hakuna linaloanza wala linaloisha. Besi ikizuiwa mlangoni, kila dundo hupita peke yake.

Mtu atauliza, na ni swali la haki: ukiondoa besi, uzito utatoka wapi? Besi inarudishwa baadaye, mkwaruzo ukishapita. Inarudishwa na vitufe vya amplifaya upande wa nguvu, inarudishwa na kabati la spika nne za inchi 12, na zaidi ya yote inarudishwa na gitaa la besi. Ipunguzwe kabla, irudishwe baadaye. Wasikilizaji wanaoandika, liandikeni hilo: punguza kabla ya mkwaruzo, rudisha baada ya mkwaruzo.

Kuhusu gitaa la besi kuna ushahidi ambao hauhitaji maabara. Sikilizeni ...And Justice for All ya Metallica, ya mwaka 1988. Uandishi wake ni wa hali ya juu na rizimu ni kali kama wembe, ila besi ya Jason Newsted imeshushwa kwenye mchanganyo hadi karibu haisikiki. Mashabiki wamelalamikia jambo hilo kwa miaka mingi. Ukiiweka karibu na Master of Puppets unasikia mara moja kilichokosekana: magitaa yanakata, lakini sakafu chini yao ni tupu. Yule anayedhani uzito wa metali umo ndani ya gitaa peke yake aisikilize albamu hiyo kwa makini. Gitaa na besi hapa ni chombo kimoja chenye wapigaji wawili, na kipindi hiki kinashikilia hivyo bila kuyumba.

Tugeukie nyuzi, maana hapa ndipo wengi hupoteza fedha wakinunua pedali wasizozihitaji.

Uzi mnene wa gitaa la kawaida, ule wa E, hutetema mara 82 kwa sekunde. Gitaa la nyuzi saba huongeza B ya chini, mitetemo 62. Kisha wakaja Meshuggah, Wasweden waliotokea mji wa Umeå. Wao walikwenda kwenye nyuzi nane, na uzi wao wa chini kabisa, F, hutetema mara 44 tu kwa sekunde, karibu sawa na uzi mnene wa gitaa la besi, ambao una mitetemo 41.

Meshuggah wanastahili kutulia nao. Walipoandaa albamu ya Nothing, iliyotoka mwaka 2002, magitaa ya nyuzi nane waliyotengenezewa hayakufaa studio. Wakachukua magitaa ya nyuzi saba, wakayashusha tuni hadi chini kabisa, wakarekodi hivyo. Uzi uliolegea kiasi hicho ni mateso: ukipigwa kwa nguvu, noti huanza juu kidogo ya mahali pake kisha hushuka, na kutuliza tuni ni kazi ya dakika kwa dakika. Baadaye walipopata magitaa ya nyuzi nane yenye shingo ndefu, wakayarekodi upya magitaa ya albamu nzima, na Nothing ikatoka tena mwaka 2006. Zipigeni zote mbili, moja baada ya nyingine. Wimbo ni ule ule, lakini mwanzo wa kila dundo umebadilika.

Somo la ufundi hapo ni mkazo wa uzi. Ukishusha tuni, uzi unalegea, kwa hiyo ni lazima uunenepishe, au uirefushe shingo, au yote mawili. Magitaa mengi ya kawaida yana urefu wa uzi wa karibu inchi 25 na nusu, yaani sentimita 65. Ya nyuzi nane hufika inchi 27 na kuendelea. Kwa kijana mwenye gitaa la nyuzi sita anayetaka kushuka hadi C, seti ya kawaida inayoanzia inchi 0.010 haitamfaa. Atafute seti nene zaidi, na daraja lirekebishwe upya ili noti ya juu ya shingo iwiane na ya chini. Seti ya nyuzi ni rahisi kuliko pedali yoyote, na hubadilisha sauti kuliko pedali nyingi.

Baada ya nyuzi, ukimya. Tumesema milio isiyohitajika hunyamazishwa. Amplifaya yenye mkwaruzo mwingi hukuza kila kitu, hata mvumo wa umeme wa nyumbani, ule wa mizunguko 50 kwa sekunde unaotufikia hapa Afrika Mashariki. Dawa ya kwanza ya mvumo huo ilipatikana mwaka 1955, fundi Seth Lover wa Gibson alipounganisha koili mbili chini ya nyuzi, zikawa zinafutiana mvumo huku zikiacha sauti ya nyuzi ipite. Takriban magitaa yote ya metali hutumia mpango huo hadi leo. Dawa ya pili ni geti la kelele, kifaa kinachofunga njia ya sauti mara mpigaji anaponyamaza. Katika metali ya kisasa rifu hukatika ghafla, kimya kabisa kwa nusu pigo, kisha dundo linarudi, na pengo hilo hufanya dundo linalofuata lionekane kubwa maradufu. Ila geti lisiachiwe kazi ya mkono. Mpigaji azibe nyuzi kwa mikono yote miwili kwanza, geti limalizie.

Sasa twende Sweden tena, mara hii kwenye spika na maiki.

Huko Gothenburg, Fredrik Nordström wa Studio Fredman, aliyerekodi makundi ya In Flames, Dark Tranquillity na At the Gates, alieneza mtindo ambao leo unabeba jina la studio yake. Maiki mbili za Shure SM57, maiki ya kawaida kabisa iliyoko sokoni tangu 1965, huwekwa mbele ya spika moja. Moja inaitazama spika moja kwa moja, ya pili inaelekezwa kwa mshazari wa karibu digrii 45, na vichwa vyake hukaa karibukaribu. Ya kwanza inaleta ukali, ya pili inaleta unene, na fundi anachanganya kwa kiasi anachotaka. Hata mwenye maiki moja anaweza kujifunza kitu hapo. Katikati ya spika ndipo penye ukali mwingi. Ukisogeza maiki sentimita mbili kuelekea ukingoni, ukali unapungua na sauti inaiva. Kabla ya kugusa kitufe chochote cha amplifaya, mtu asogeze maiki.

Sweden hiyo hiyo ina kundi la waliovunja kila kanuni ya leo. Katika studio ya Sunlight, Stockholm, mtayarishaji Tomas Skogsberg na vijana wa Entombed walichukua pedali ya Boss HM-2, wakazungusha vitufe vyote vinne hadi mwisho, wakarekodi Left Hand Path, iliyotoka mwaka 1990. Hakuna kilichopunguzwa, na sauti ile ni ya kupendeza hadi leo. Imewezekanaje? HM-2 ikiwekwa hivyo huinua kwa nguvu zile sauti za kati zilizo juu kidogo, mahali ambapo sikio ni jepesi kusikia, na gitaa linapenya hata kwenye kelele nyingi. Kosa la vijana wengi ni kinyume cha hapo: huchimba sauti za kati na kuacha besi na trebo, yaani sauti za juu. Chumbani inapendeza. Mbele ya ngoma, gitaa limekwisha. Kwa hiyo hata waliovunja kanuni waliziheshimu sauti za kati, nasi tungemshauri kila anayeanza aziache angalau nusu.

Kurekodi kuna jambo moja ambalo halina njia ya mkato. Ule upana unaosikika kwenye spika mbili, gitaa kushoto na gitaa kulia, ni mpigaji aliyepiga rifu ile ile mara mbili tofauti. Kunakili pigo moja na kuliweka pande zote mbili hakusaidii; sauti zikiwa sawasawa kabisa, sikio huziweka katikati. Tofauti ndogondogo za mkono ndizo zinazoupanua muziki. Lakini tofauti hizo zikiwa kubwa, rifu inachafuka, na mkwaruzo wa magitaa mawili hujumlishana, kwa hiyo kila moja lipunguziwe kidogo kuliko linavyopendeza likiwa peke yake. Mara nyingi mafundi pia hukata sauti zilizo chini ya mitetemo 80 hivi kwenye gitaa ili kuiachia nafasi besi na ngoma ya mguu.

Wapo wanaojiuliza: je, haya yote ni ya wenye fedha tu, wenye amplifaya za valvu na makabati mazito? Zamani ndiyo. Sasa hali ni tofauti kabisa. Meshuggah wenyewe walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuegemea amplifaya za kidijitali, za Line 6. Misha Mansoor wa kundi la Periphery, Marekani, alijenga jina akirekodi nyumbani kwa kompyuta kabla albamu ya kwanza ya bendi haijatoka mwaka 2010. Mwaka 2017 ikaanzishwa kampuni ya Neural DSP, Helsinki, Finland, inayotengeneza programu zinazoiga amplifaya kwa ukaribu wa ajabu. Na ipo Neural Amp Modeler, programu huria, ya bure, inayojifunza tabia ya amplifaya halisi na kuirudia ndani ya kompyuta. Spika na maiki nazo huigwa kwa faili dogo lililobeba mwitikio wa kabati halisi lililorekodiwa mahali fulani. Kijana wa Nakuru au Mwanza mwenye kompyuta, kifaa cha kuingizia sauti na gitaa lenye nyuzi mpya anaweza leo kupata sauti ambayo miaka ya 1990 ilihitaji studio nzima.

Na vijana wetu hawajakaa nje ya uwanja. Nairobi ina historia yake ya bendi za roki nzito. Mwaka 2020 kundi la watu wawili kutoka jiji hilo, Duma, yaani Martin Kanja na Sam Karugu, lilitoa albamu kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ikasikika mbali nje ya Afrika. Gitaa lao halikufuata njia tuliyoieleza leo. Walilizamisha katika mashine na midundo ya kasi. Lakini walithibitisha kwamba muziki huu unaweza kuzaliwa hapa na kusikilizwa kote.

Basi kwa anayetaka kuanza wikendi hii, vifaa alivyonavyo vinatosha. Abadilishe nyuzi, aweke tuni, aiweke tena. Aweke mkwaruzo wa amplifaya nusu. Kama ana pedali ya aina ya Tube Screamer, au iliyomo kwenye programu, aiweke mbele, mkwaruzo wake sifuri, nguvu juu. Sauti za kati nusu au zaidi, besi chini ya nusu. Apige rifu moja aliyoizoea, polepole, na kinasa sauti kikiwa kimewashwa. Kisha asikilize rekodi kwa sauti ya chini, si ya juu, maana sauti ya juu hudanganya kila sikio. Je, kila dundo lina mwanzo na mwisho? Je, kati ya dundo na dundo kuna kimya? Kama bado madundo yanaungana, apunguze mkwaruzo kidogo tena, arudie.

Kipindi kijacho ni zamu ya gitaa la besi katika muziki huu huu: nyuzi zake, mkwaruzo wake, na namna linavyofungamana na ngoma ya mguu.